Ofisi ya Kutafuta Waliopotea Imepotea

Kanisa la Baptisti la Gileadi,
Ellery, Illinois.

Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Wanawake na Wasichana Weusi Waliopotea.

Salamu katika jina la Bwana. U mzima? Nyumbani hawajambo? Sisi twashukuru, ingawa Jovonne wangu, binti wa marehemu dada yangu niliyemlea, hajaonekana tangu Jumatatu ya Pasaka. Ana miaka kumi na sita. Hilo nimeshakuandikia. Leo nina jambo jingine: ofisi yako nayo imepotea, na moyo wangu hautulii.

1. Imeondoka bila kuaga. Siku ya kukata utepe ilikuwa na afya njema. Niliipikia makaroni ya jibini, na Mchungaji Tolliver akaiombea hadi chakula kikapoa. Sasa mlango una kufuli, na simu haipokelewi.

2. Nilikwenda polisi kuripoti. Afisa aliyeniambia kuhusu Jovonne, "Mama, wasichana wa huko kwenu hutoroka tu, akisikia njaa atarudi," safari hii alicheka: "Ofisi haipotei, mama. Imehama." Nikamwambia, "Basi, mwanangu, iandike mtoro, kama ulivyomwandika wangu." Akaacha kucheka.

3. Picha. Televisheni ilimwonyesha Jovonne amenuna, ilhali niliwapa ile ya Pasaka, anacheka meno yote nje. Sitaifanyia ofisi yako hivyo. Nimechagua picha ya utepe, umependeza na tai yako ya zambarau, tukaibandika saluni na kwa vinyozi. Dada Odessa, mhudumu mwenzangu, akasema, "Weka na kimo chake." Kwa kuwa aliye pichani ni wewe, nimekadiria kimo chako, unisamehe.

4. Kwa hiyo naomba serikali ifungue ofisi ya pili, ya kuitafuta ya kwanza. Sisi wahudumu wa mlangoni kanisani tutaiendesha bure: mtu asipoonekana kitini pake Jumapili, kabla ya wimbo wa pili tumeshampigia. Nayo ikipotea, tutafungua ya tatu. Makaroni yapo.

Wasalimie wote huko makao makuu ya jimbo, kama bado wapo.

Dada yako katika Kristo,
Earlene Battle,
Mhudumu, mlango wa kushoto.

Baada ya sahihi: Bi Renita wa ofisi yako amebisha hodi sasa hivi, viatu vimejaa matope. Kumbe mmemwajiri yeye peke yake, na tangu Pasaka anazunguka vituo vya mabasi na gari lake mwenyewe akiuliza habari za Jovonne; ndiyo maana simu haina mpokeaji. Nimemkalisha anakula. Basi futa malalamiko yangu yote. Ofisi imepatikana. Aliyebaki ni mtoto. Mpe Bi Renita wenzake, nawe unijibu upesi.