Kamati ya Mwelekeo wa Miamba

Wizara ilitangaza kwa furaha isiyo kifani kwamba shaba ya kilimani itagunduliwa Alhamisi, saa nne asubuhi, mara Waziri atakapomaliza kukata utepe.

Mjiolojia wa wizara, mama mmoja aliyeitwa na kila mtu Bi Nyundo, alisikia habari hizo redioni akiwa amepiga magoti mbele ya jiwe, kilimani kwenyewe. Kilima hicho alikijua nje ndani. Watafutaji wa kwanza, enzi za babu yake, waliona madoa ya kijani, dalili ya shaba, kwenye miamba ya mashariki, wakachimba shimo, wakapata homa, wakarudi kwao. Kampuni iliyofuata ikachimba mtaro, ikaona madoa mengine, ikafilisika kwa heshima. Ya tatu ikapima kwa ndege, na rubani akaripoti kwamba mandhari ni mazuri. Wote walihangaika mashariki kwa sababu barabara iliishia huko.

Huko mashariki, chini ya madoa, kulikuwa na mtaa. Mama mkwe wake Bi Nyundo aliishi hapo, na alikuwa anafunga mizigo. Agizo la Kuhama kwa Hiari ya Lazima lilisema wazi: yeyote ambaye nyumba yake iko juu ya shaba, awe nani, ahamie kwenye mahema kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna rufaa.

Bi Nyundo akamwendea Mkurugenzi wa wizara.

"Mzee, shaba haiko mtaani. Yale madoa yameletwa na maji ya mvua kutoka juu. Tabaka lenyewe la shaba limeinama kwenda magharibi."

Mkurugenzi alivua miwani. "Limeinama kwa idhini ya nani?"

"Limeinama zamani, mzee. Kabla ya wizara."

"Kumbe halikushirikishwa," akasema Mkurugenzi kwa huruma, akaunda Kamati ya Mwelekeo wa Miamba siku hiyo hiyo. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaazimia kwa kauli moja kwamba tabaka liiname mashariki, kuanzia sasa. Bi Nyundo akauliza nani ataliarifu. Akaambiwa nakala itabandikwa kilimani. Ikabandikwa.

"Mwanangu," mama mkwe alimwuliza jioni, "si wewe ndiye wa mawe? Hebu yaambie."

"Mawe yanajua, mama. Wasiojua ni wale wa chai."

Mama mkwe akacheka mpaka akakalia furushi la vyombo.

Alhamisi utepe ukakatwa. Mtambo wa kutoboa miamba ukachoronga mashariki, ukatoa mwamba wa kijivu, kisha kijivu, kisha kijivu zaidi. Waziri alitabasamu mbele ya kamera hadi taya zikamuuma.

"Bi Nyundo," akanong'ona, "shaba iko wapi?"

"Kwenye ule mgongo wa kilima, upande wa magharibi, Mheshimiwa."

"Upelekeni mtambo huko."

Mkurugenzi alimvuta koti. Waziri akamsukuma mkono. Msafara mzima ukapanda mgongoni, mtambo ukasimikwa kando ya ukuta mrefu mweupe, na baada ya muda ukatoka mche wa mwamba mnene kama mpini wa jembe, unang'aa manjano ya dhahabu, kama ing'aavyo shaba ikiwa bado ndani ya jiwe. Waziri akaubusu.

"Shaba tunayo," akazitangazia kamera. "Na agizo ni lile lile. Aliye juu yake ahame, awe nani." Makofi yakalia. Akageuka. "Nyumba ya nani hii?"

Mkurugenzi alikuwa amerowa jasho. "Yako, Mheshimiwa. Ya mapumziko. Tulitaka kukushtukiza siku yako ya kuzaliwa."

Waziri akaomba Kamati iketi pale pale nyasini. Ikaketi, ikaligeuza tabaka kwa kauli moja, lakini kipande cha shaba kikaendelea kung'aa mikononi mwa Waziri, na kamera zilikuwa zinarusha moja kwa moja.

Bi Nyundo alishika ukuta asianguke kwa kicheko. Watu wa mtaani walikuwa wameshafika, mama mkwe mbele, kanga kiunoni.

"Usihangaike, baba," akamwambia Waziri kwa upole, akivuka geti. "Sisi kufunga mizigo tumeshazoea. Tuanze na kitanda?"