Dakika 185 za Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Ujumbe wa shangazi umeingia saa moja asubuhi nikiwa na misumari mitatu mdomoni. Nusura nimeze mmoja. Anasafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua ng'ambo. Ndege ya kwanza inatua hapa kwetu Jumamosi saa nne asubuhi, ya pili inaondoka saa kumi na moja jioni. Saa saba katikati! Anasema angependa kuona mji kidogo na kutia kitu tumboni. Akaongeza: mwambie na mwenzako.

Mwenzangu ni binamu yangu, Mtanashati. Shangazi alitulea sote wawili chini ya bati moja. Yeye leo ana ofisi, tai na gari lenye kiyoyozi. Mimi nina karakana ya viatu niliyoianzisha kwa sindano moja na kiti cha kuazima, huu mwaka wa ishirini na sita. Tulipokuwa na miaka kumi na miwili shangazi alisema mbele ya wageni: "Huyu ana akili. Yule ana mikono." Sina haja ya kueleza yule ni nani. Wageni walicheka. Mmoja alinitazama mikono.

Nimeibeba kauli hiyo miaka thelathini na minane. Nataka jambo moja tu kabla hajapanda ndege ya pili: aifute. Kwa mdomo wake. Nikisikia.

Nimempigia Mtanashati, nikamwambia ndege inatua saa saba na nusu mchana. Si uongo mkubwa. Ni wa saa tatu na nusu tu.

Jumanne, 4 Machi

Hesabu. Saa saba ni dakika 420. Toa 45 za kugongewa mihuri na kutafuta mlango. Toa 35 za kuja mjini. Toa 35 za kurudi. Toa 120 wanazodai uwe umefika kabla ndege haijapaa. Zinabaki 185. Mtu wa akili angekata tamaa. Mtu wa mikono amechukua rula.

Daraja kuu, 15. Soko, 25. Kibanda cha supu, 20. Makumbusho, 40. Mnara wa saa, 10, maana unatazamwa kwa kusimama. Lifti ya lile jengo refu kuliko yote, kupanda, kushangaa na kushuka, 20. Samaki wa kukaanga kando ya mto, 30. Kutembea kati ya hapa na pale, 25. Jumla: 185 kamili! Hakuna hata moja iliyobaki. Nilikaribia kulia.

Karakana yangu ilikuwemo, dakika 12. Nimeikata. Harufu ya gundi, vipande vya ngozi sakafuni, kiti kimoja tu na mguu wake umefungwa kwa waya. Shangazi havuki mawingu kuja kunusa gundi.

Mke wangu ameisoma ratiba mara mbili, akauliza choo kiko wapi. Nimemjibu kwamba shangazi ni mtu wa adabu. Akauliza kama nimemuuliza shangazi mwenyewe anataka kuona nini. Nikamwambia mgeni hachagui, mgeni huonyeshwa. Akaguna. Miguno yake naijua, ipo ya aina tatu. Huu ulikuwa wa kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Zawadi! Viatu vya ngozi laini, rangi ya kahawa, mshono wa mkono pande zote. Atavivaa palepale uwanja wa ndege na kuzunguka navyo mji mzima. Ushahidi unaotembea. Kila hatua atakayopiga atakuwa anaikanyaga kauli yake mwenyewe.

Kipimo ninacho. Unyayo wake niliuchora kwa penseli nyuma ya kalenda alipokuja kumwona kitindamimba wetu, miaka kumi na mmoja iliyopita. Sentimita 24 na milimita 3. Mke wangu amesema si vibaya kumpigia simu kumuuliza mguu wa sasa ukoje. Nimemweleza kwamba watu huzeeka, namba hazizeeki.

Mguno wa pili.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la ratiba. Nafasi ya shangazi imechukuliwa na Mama Cherehani, mshonaji wa mlango wa pili: umri uleule, kimo kilekile, ubishi unaofanana. Malipo: kubadilishiwa soli.

Tulianza vizuri. Daraja, dakika 14. Sokoni akaona vifungo. Nilimkumbusha kwamba leo yeye si mshonaji, ni shangazi. Akasema hata shangazi ana koti. Dakika 58, vifungo vinne, na kimoja akarudi kukibadilisha. Kwenye supu akakutana na shoga yake wa zamani wakazika watu na kufufua wengine kwa habari. Lifti aliikataa katakata. Alisema sanduku ataingia akiwa amelazwa, si akiwa amesimama.

Jumla: dakika 263. Nimezidisha 78.

Nimekaa na rula jioni nzima nikatafuta kosa liko wapi. Nimelipata. Kosa ni Mama Cherehani. Ratiba iko sawa.

Ijumaa, 7 Machi

Mtanashati kapita karakana. Alitandika leso kitini kabla ya kukaa. Leso! Akauliza tena ndege inatua saa ngapi. Nikasema saa saba na nusu, wala sikupepesa. Akanieleza kwamba ameweka meza kwenye hoteli ambayo vitambaa vya meza hugusa sakafu, na kwamba nami nakaribishwa, "kama kazi za mikono zitakuruhusu, ndugu yangu." Nilikuwa nimeshika nyundo. Namshukuru Mungu kwa subira aliyonipa.

Kaacha kiatu kisigino kimelegea, anakitaka haraka. Nitakitengeneza. Polepole mno.

Viatu vya shangazi vimekamilika. Nimevipangusa mara nne. Mke wangu amesema ni vizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Hakuguna.

Jumamosi, 8 Machi, saa kumi na mbili jioni

Niandike kwa utaratibu, hasira zisinipoteze.

Ndege ilitua saa nne kamili. Saa 4:38 shangazi huyo, katoka. Dakika saba za faida! Nikamkumbatia kwa dakika moja, nikampokonya mkoba, nikampa viatu. Alivigeuza, akavinusa, machozi yakamlenga. Akasema atavitunza avivae siku ya kumbeba mjukuu. Nikasema hapana, sasa hivi, makubazi yake yanaumiza macho ya fundi. Mguu wa kulia uliingia. Wa kushoto ulihitaji ushawishi.

Makubazi nikayatupia kwenye buti ya teksi. Yamebaki kwenye buti ya teksi.

Sikujua kwamba mguu wa mtu huvimba angani. Hakuna aliyenipa taarifa. Darajani shangazi alitembea kama anayekanyaga makaa, akirudia kwamba mto ni mzuri, mto ni mzuri, kwa sauti ya mtu anayesali. Mimi nilikuwa mbele na saa mkononi, nikidhani ameguswa na mandhari. Dakika 15 zikawa 39.

Kwenye lango la soko akavuta kreti la nyanya, akaligeuza, akalikalia. "Mwanangu, mji wenu mzuri. Ila mimi mbele siendi tena. Nivue."

Hebu fikiria. Fundi viatu wa miaka ishirini na sita, amepiga magoti kwenye lango ambalo wateja wake wote hupita, anavuta kiatu alichokishona mwenyewe na hakitoki! Muuza vitunguu akauliza kwa sauti ni fundi gani aliyekitengeneza, ili watu wamjue wamkwepe. Shangazi akamjibu kwamba kiatu hakina kosa, kosa ni la miguu yake, imekula chumvi ya ndege. Bado walicheka.

Karakana ilikuwa hatua 212. Alizitembea peku, mkono begani kwangu.

Sikuwa nimefagia. Mke wangu, ambaye tunaishi nyuma ya karakana, akaja na beseni la maji ya vuguvugu na sufuria ya maharage ya jana. Maharage! Ya jana! Kwa mtu aliyepangiwa supu na samaki! Shangazi akakaa kwenye kiti cha waya, akatumbukiza miguu, akatoa pumzi kama tairi. Akala sahani mbili. Choo aliuliza mara tatu, na mara zote tatu mke wangu alinitazama.

Mimi nikalowesha viatu, nikavivika kalibu, ule mguu wa mbao, nikaanza kuvipanua taratibu kwa kugonga. Shangazi akawa ananitazama. Hiki cha nini? Na huo uzi unaupaka nta kwa nini? Unajuaje pa kutoboa? Nilimjibu kwa kifupi, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Nikamwambia tunapoteza makumbusho. Akasema makumbusho hayaendi popote, ndiyo kazi yake.

Saa 7:30 nikaona kwamba katika mambo saba, moja bado linaweza kuokolewa. Samaki! Nikawaambia nakwenda narudi. Shangazi akasema ameshiba, nikae tuzungumze. Nikamwambia ndiyo maana atapenda zaidi, si njaa tena, ni ladha. Nikatoka mbio.

Foleni: watu 19 mbele yangu, dakika tatu kila mmoja, 57. Jumlisha 9 za kwenda na kurudi. Nilirudi saa 8:36 na samaki mkubwa, moto, kwenye karatasi.

Kiti kitupu. Beseni. Viatu bado kwenye kalibu.

Mtanashati alifika uwanja wa ndege saa saba na nusu, akaona kwenye ubao kwamba ndege imetua tangu saa nne, akampigia shangazi, na shangazi akamwambia yupo kwangu anakula maharage. Saa nane na dakika kumi huyo, kafika. Saa 8:25 kamili kamchukua kwenye kiyoyozi. Nikamuuliza mke wangu kwa nini hawakunisubiri dakika kumi na moja. Kumi na moja tu! Akasema walitaka kusubiri, ila shangazi alitoa ile nakala ya ratiba niliyompa kwenye teksi, akavaa miwani, akasoma. "Mtoto ameandika 8:25. Ameihangaikia hii, tusimharibie."

Ameondoka na ndala zangu. Zile za buluu zenye msumari kwenye kamba.

Samaki nimemla peke yangu, mlangoni. Alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikusemeshwa kwa kuwa sikuwa wa kusemeshwa. Leo mke wangu kaniketisha.

Anasema nilipotoka, shangazi alisinzia kitini dakika ishirini, kichwa ukutani, miguu majini, akaamka akasema hajapumzika hivyo tangu afunge sanduku. Mtanashati alipoingia, shangazi alimwita karibu na kalibu, akamwonyesha mshono. Akamwambia auhesabu. Mtanashati akahesabu, yeye na tai yake, ameinama. Kisha shangazi akasema: "Nilikosea nilipowagawia, wanangu. Nilidhani akili ni kitu kimoja na mikono ni kitu kingine. Mwenzako huyu mikono yake inafikiri."

Mtanashati alijitazama mikono.

Mke wangu akanishika bega. Kisha nikamuuliza ilikuwa saa ngapi hasa. Akasema kama saa 8:14. Nikapiga hesabu. Saa 8:14 nilikuwa mtu wa saba kwenye foleni.

Nimelitafakari jambo hili kwa upande wa sheria. Haihesabiki. Sharti lilikuwa nikisikia. Waliosikia ni mke wangu, anayenipendelea, na mpinzani wangu, atakayekana. Kauli ya kunidharau ilitolewa nikiwapo, basi na ya kuifuta itolewe nikiwapo. Itabidi airudie.

Mke wangu akaniuliza nani alinituma samaki.

Jumatatu, 10 Machi

Mtanashati kafuata kiatu chake. Alikaa kitini bila leso, saa nzima, akauliza inachukua muda gani mtu kujifunza kushona vile. Nikamwambia miaka ishirini na sita. Akasema basi atakuwa anapita tu kutazama. Ni ujasusi, hakuna kingine. Nimeufunika mshono kwa gazeti.

Jumatano, 12 Machi

Ujumbe wa shangazi! Amefika salama, mjukuu ana afya, ndala zimemfikisha vizuri na hataki kuzivua. Anarudi mwezi wa sita, siku ya Jumanne, kwa njia hiyohiyo, safari hii atakuwa na saa tano kati ya ndege na ndege. Anaomba jambo moja tu: kile kiti, lile beseni, na maharage, na mimi nikifanya kazi yangu akinitazama.

Adabu tu hiyo. Alilelewa vizuri, hawezi kudai.

Saa tano ni dakika 300. Toa 45, toa 35, toa 35, toa 120. Zinabaki 65. Kwa dakika 65, fundi mwenye rula anaweza kuingiza mambo tisa. Daraja, 4, kwa kutazama kutoka dirishani. Makumbusho, 9, tutaingilia mlango wa kutokea. Mnara wa saa, 2. Lifti, kupanda tu.

Karakana nilikuwa nimeiwekea dakika 12. Nimeikata.

Viatu nimeanza vingine, kipimo kilekile. Kipimo hakikukosea, mguu ndio uliokosea, na kufikia mwezi wa sita utakuwa umejirekebisha. Mtanashati nimemwambia ndege inatua siku inayofuata.

Mguno wa tatu. Sikuwahi kuusikia mrefu kiasi hicho.

Ila sitapitwa tena. Safari hii shangazi ataisema ile kauli nikiwa palepale, ubavuni kwake, nimetulia, masikio wazi. Nitatoka mara moja tu, kufuata samaki. Siku za Jumanne foleni si ndefu.