Kidole Kilicholinda Tangi la Nyamai

Sogeeni, enyi wana wa Zombe, enyi mliowahi kupanga foleni ya maji mkarudi na mitungi mitupu! Fungeni mbuzi, nyamazisheni redio, mkasikie habari za Nyamai mwana wa Kilonzo, simba wa spana, aliyepigana na tone la maji mchana kweupe, jua likiwa la utosi.

Wala msilidharau tone lile. Lilidondoka kutoka mfereji wa tangi lake, ti, ti, ti, na tangi lenyewe ndilo lililobeba maji yote ya nyumba mpaka mvua ya Novemba. Tangi likikauka, Mutindi mkewe angeshinda njiani na punda, akienda kuchimbua maji mchangani mtoni. Nyamai alikuwa ameukaza mfereji kwa mabavu wiki nzima, na kila alipoukaza kipira cha ndani kilizidi kusagika, tone likazidi kiburi. Ndipo akamtuma Mutindi dukani kununua kipira kipya. Naye, kwa kuwa subira haikuwamo katika silaha zake, akavua koti, akalitundika kwenye kigurudumu chekundu kando ya tangi, akainua spana.

"Ewe mfereji!" akanguruma. "Umetunyanyasa vya kutosha. Leo utanijua mimi ni mtoto wa nani!"

Akafungua kichwa cha mfereji. Lo! Maji yakamlipukia usoni, kofia ikaenda zake. Shujaa akaziba tundu kwa kidole gumba, mafuriko yakatulia. Akabaki amelikumbatia tangi, mkono mmoja vitani, wa pili umeshika kile kichwa na makombo ya kipira chake. Na tuseme ukweli, aliogopa sana. Kidole kikitoka, maji ya kufikia Novemba yamekwenda.

Hapo ikasikika hodi. Alikuwa Nzisa, mama mzazi wa Mutindi, na kiondo chake begani. Nanyi mwaijua nthoni, ile heshima inayomtaka mwanamume ampishe mama mkwe njia, asimtazame usoni wala kumgusa mkono. Mwenye adabu angekimbilia nyuma ya nyumba. Nyamai angekimbiaje? Akabandika uso kwenye tangi, akafumba macho.

Nzisa akaona, akaelewa, akampa mgongo. Kisha akalisemesha tangi.

"Asi! Wewe tangi, mwambie mwenye boma nimemsalimia. Na umwambie naona kama ako na shida."

"Ewe tangi tukufu," akajibu Nyamai kwa majonzi makuu, "mwambie mama karibu sana. Kiti kiko, chai itakuja. Lakini mkwe wake hatoki hapa mpaka apate kipande cha mpira, kidogo tu, kama kifungo cha shati!"

Nzisa akatazama miguu yake. Slipa zile alizinunua kwa ajili ya safari hii, za buluu, hata vumbi lilikuwa halijazizoea. Akaguna. Akavua moja, akachomoa kisu kiondoni, akakata kisigino. Akarudi kinyumenyume mpaka karibu na tangi, akakiweka kipande juu ya mtungi uliokuwa hapo, akausukuma mtungi kwa mguu hadi kwa mkwewe.

Nyamai akakichonga kipande kwa meno. Akabana kichwa cha mfereji magotini, akang'oa makombo, akapachika kipya. Akamwita Mungu wake, akaondoa kidole! Maji yakaruka, shati likalowa, spana ikalia. Akakaza, akakaza, kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akajua kuacha. Wote wawili wakasikiliza, migongo ikitazamana. Hapakuwa na ti.

Mara Mutindi akarejea na kipira cha duka. Akatazama mume aliyelowa, akatazama koti.

"Baba Ben, kwani hukufunga maji kwa valvu kwanza? Si ndiyo hii umetundikia koti?"

Spana ikamponyoka shujaa mkononi.

"Wewe tangi," akasema Nzisa polepole, bila kugeuka, "mwambie binti yangu aweke chai."

Basi na ikumbukwe Zombe nzima, kizazi hata kizazi, kwamba kiangazi kile tone lilishindwa na maji yakafika Novemba. Na Jumapili iliyofuata Nzisa aliingia kanisani kifua mbele, slipa moja haina kisigino, na kila aliyemwuliza alimjibu kwa fahari, "Kingine kiko kwa mkwe wangu. Kinashikilia maji."