Kobe, Osaka, na Gauni la Buluu

Jumatatu, 6 Juni 1966. Homa Bay.

Nakwenda Japani!

Bado si kweli kabisa. Naandika taratibu. Bwana Morita, yule Mjapani wa nyavu za nailoni aliyefikia nyumba ya wageni ya serikali, amekuja leo kwenye ghala letu la ushirika wa wavuvi. Akamwambia mwenyekiti wetu, Mzee Wangwe, kwamba kiwanda chao kitamchukua mwanachama mmoja akajifunze kuziba nyavu hizo zinapochanika. Nauli juu yao. Chakula juu yao. Kamati ichague Jumamosi, safari ni Agosti.

Nani mwingine kama si mimi? Mimi ndiye mtunza ghala. Kila wavu unapita mikononi mwangu kabla haujaonja maji. Basi hilo limekwisha. Imebaki shida moja. Kiwanda kina nyumba mbili za wageni, moja katika mji wa Osaka, nyingine katika mji wa Kobe. Miji jirani. Bwana Morita anasema garimoshi linatoka huu likafika ule chai yako ikiwa bado ya moto. Atakayekwenda aseme mapema atakaa wapi, atayarishiwe chumba.

Osaka au Kobe? Sikula mchana.

Phelesia angekuwepo angeamua kabla sijamaliza kuuliza. Alifariki mwaka jana, masika yakianza. Mke wangu alikuwa na tabia ya kuanza kula samaki kwa mkia. Sijaona mtu mwingine anayeanza kwa mkia.

Jumanne, 7 Juni.

Uchunguzi. Nimeanza na Maroa, mlinzi wetu wa ghala, mtu wa Ntimaru. Maroa alipigana na Wajapani kule Burma, kwa hiyo anawajua. Nimemuuliza: wewe ungekaa Osaka au Kobe? Amenitazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Amesema Wajapani aliokutana nao hawakumwambia wametoka mji gani. Walikuwa na kazi ya kumpiga risasi.

Nimesoma vibandiko vya nyavu zote. Osaka, Osaka, Osaka. Nikakumbuka bakuli la Phelesia lenye maua mekundu. Nimeligeuza. Limeandikwa Japani tu, mji haukutajwa. Nimelifuta vumbi nikalirudisha mahali pake.

Jumatano, 8 Juni.

Mshtuko! Nimemvizia Bwana Morita gatini nikamuuliza mwenyewe kwa Kiingereza changu cha darasa la sita. Kobe, anasema, ni bandari. Mlima nyuma, maji mbele. Lakini hiyo ni Homa Bay! Mlima Asego nyuma, ziwa mbele! Nikauliza Osaka. Osaka ni mji wa biashara, anasema, watu wake wanaongea sana, hata wakiamkiana wanaulizana kama faida inaonekana. Nikashika nguzo ya gati. Hiyo ni Migori!

Nasafirishwa hadi mwisho wa dunia ili niulizwe swali lile lile. Phelesia alizaliwa Migori. Muda wote wa ndoa yetu alitaka tuhamie kwao: kuna soko, kuna ndizi, kuna watu wanaojua kuzungumza. Mimi nasema hapa kuna upepo. Yeye anasema upepo hauliwi. Tulibishana tukicheka mpaka sufuria inaungua. Sufuria zangu zote zina weusi wa Migori.

Halafu Bwana Morita akaongeza la mwisho. Eti kuna wanaosimulia kwamba ng'ombe wa Kobe husuguliwa mgongo, na wengine hupewa bia. Bia! Nimekimbia kumwambia Maroa. Ameketi chini palepale. Akauliza ni mtu gani huyo anayemmiminia ng'ombe bia, na baba mkwe wake ana kiu. Kisha akaniomba kwa sauti ndogo nimletee mtamba mmoja.

Nimemwahidi. Kobe, basi. Nimeamua.

Alhamisi, 9 Juni.

Javan amefika kutoka Migori. Javan ni kaka yake Phelesia, na ni wakala wa ushirika upande wa Sori. Amekuja kuomba kura. Za kwake! Shemeji yangu mwenyewe!

Anataka Osaka. Nimemwambia amechelewa, nafasi imeshachukuliwa na mwenye nayo. Akacheka mbele ya wavuvi wote. "Shemeji, utakwenda wapi wewe? Umeshamwota?"

Kwetu mgane halali nje ya boma lake mpaka amwote marehemu mkewe amerudi kwake, wakalala kama mke na mume. Hapo ndipo anakuwa huru. Kabla ya hapo hata nyumba ya jirani siingii, chai napokelea mlangoni. Na ndoto lazima isikilizwe na Dani Rael, yaani nyanya yetu Rael, mke mdogo wa marehemu babu, aridhike.

Mwaka mzima sijamwota. Naota nyavu. Naota Mzee Wangwe. Mara moja nimeota mbuzi. Phelesia haji. Labda yuko Migori.

Mchana nimefanya kampeni. Wavuvi wa Homa Bay wanataka niende bandarini nikawaulizie injini za mashua. Nimewaahidi Kobe. Wavuvi wa Sori wanataka nikae karibu na kiwanda nijue siri za nyavu. Nimewaahidi Osaka. Kila upande nimeuomba usiuambie mwingine. Siasa si ngumu.

Ijumaa, 10 Juni.

Sijui nianzie wapi. Sina uso.

Asubuhi nilijaribu kuota kwa bidii. Nilikula ugali wa watu wawili, nikajilaza nyuma ya ghala juu ya nyavu mpya. Nikamwota kiboko akinidai risiti. Basi nikaamua kusaidia mambo kidogo. Nikaenda kwa Dani Rael nikamkuta uani anapepeta mtama pamoja na majirani. Nikapiga magoti nikasema: Dani, nimemwota.

Wote wakaguna kwa heshima. Dani akauliza Phelesia alikuja vipi. Nikasema kwa mlango. Akauliza alivaa nini. Hilo sikulitayarisha! Nikashika la kwanza lililonijia kichwani. Gauni la buluu, nikasema, lile lenye kola nyeupe.

Dani akaweka ungo chini.

"Gauni la buluu ni langu!"

Nguo za marehemu ziligawanywa baada ya matanga. Mimi siku ile nilikuwa nimeinamisha kichwa, sikuona nani alichukua nini. La buluu alichukua Dani. Jumapili iliyopita alilivaa kanisani, akapita mbele yangu! "Kwa hiyo aliyekuja kwako ni mimi!" alipiga kelele. "Mimi niliyembeba baba yako mgongoni!"

Wanawake walianguka kwenye mtama. Siku zote Dani huniita bwanake kwa utani, kama nyanya wote. Leo mmoja akamwambia, "Dani, bwanako hakungoja giza!" Mwingine akamuuliza alirudi kwake saa ngapi. Nilitafuta shimo la kuingia, halikuwepo.

Dani amenipigia mahubiri marefu. Niwe najua nguo ya nani ni ya nani. La buluu lake. La kijani lenye vifungo la mama mkwe wangu Teresa, kule Migori, na analipenda kuliko nguo zake zote. Shuka ya maua ya nani sijui. Sikufuata yote. Nilikuwa nawaza mtamba wa Maroa utapandaje meli.

Mwisho akasema huo ni uongo au ni balaa, na yote mawili anayakataa. Nirudi nikaote vizuri. Nilipokuwa naondoka akaniita. Akauliza kama kola ilikuwa imepigwa pasi.

Jumamosi, 11 Juni.

Kura. Kwanza Javan alisimama akataka niondolewe kwa ajili ya ndoto. Mzee Wangwe alimkatalia. Alisema nchi ina uhuru sasa, kamati haipigii kura ndoto za watu, na Agosti bado. Nikapumua.

Kisha mvuvi mmoja wa hapa akasimama kunishukuru kwa kuchagua Kobe.

"Kobe?" akaruka mtu wa Sori. "Ametuambia Osaka!"

Moto ukawaka. Bandari! Kiwanda! Injini! Nyavu! Maroa si mwanachama, lakini alikuwa anapiga kelele za Kobe kutoka mlangoni, kwa ajili ya ng'ombe. Watu ambao juzi hawakujua kama Japani ni nchi au ni aina ya sahani walikuwa wakitukanana juu ya mitaa yake. Hakuna aliyeuliza nani aende. Ilikuwa ni mimi, Elkanah, nikae wapi. Jua likahama dirisha. Nikiri, kwa kitambo nilifurahi. Ilikuwa kama niko jikoni kwangu zamani, sufuria inaungua.

Mzee Wangwe alichoka. Akamgeukia Mellen, mchuuzi wa dagaa wa omena, mwanamke pekee kwenye kamati, aliyekuwa anasinzia juu ya kapu lake. Akamuuliza: na wewe mama, ungekaa wapi? Mellen akafungua jicho moja. Akasema yeye atalala popote atakapotandikiwa, kwani anakwenda kwa ajili ya nyavu au kwa ajili ya kitanda?

Mzee akasema wanaomtaka Mellen wanyooshe mikono. Homa Bay wakanyoosha ili nisiende Osaka. Sori wakanyoosha ili nisiende Kobe. Javan akanyoosha ili nisiende kabisa. Na mimi nikanyoosha! Mkono umezoea kufuata wenzake, ulikuwa juu kabla sijauona.

Mellen anakwenda Japani.

Jumapili, 12 Juni.

Sikwenda kanisani. Niliogopa gauni la buluu.

Mchana akaja Javan. Nilidhani amekuja kunicheka. Alisimama mlangoni na samaki wawili wabichi wa ngege, akasema meli yake ni kesho na hana pa kula. Pia kwamba mama yake, Teresa, ameshasikia habari za ndoto. Habari zimefika Migori kabla Javan hajarudi! Anakuja kesho kwa Dani Rael kusikia kwa masikio yake mwenyewe nini kimefanywa na jina la binti yake.

Nikapika. Tukakaa. Nikamwekea sahani. Javan akageuza samaki, akavunja mkia, akaanza kwa mkia.

Nilitoka nje kidogo.

Niliporudi hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba kwao wote wanaanza hivyo, mama yao aliwafundisha: miiba ya mkia ni midogo, mtoto anajifunzia hapo. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza Phelesia! Kisha akasema ningehamia Migori, hapa kuna nini? Nikasema kuna upepo. Akasema upepo haunenepeshi mtu. Tukabishana mpaka tukasikia harufu. Chai iliungua, majani na yote.

Amelala kwenye mkeka wangu, anakoroma kama dadake.

Jumatatu, 13 Juni.

Amekuja!

Phelesia amekuja alfajiri. Si uongo, sijapamba hata kidogo. Aliingia akafungua kilemba, akaketi kitandani upande wake. Nilimuuliza: Kobe au Osaka? Akasema, "Umefunga kuku?" Nikasema nimefunga. Akasogea. Mengine ni yetu wawili. Nilipoamka mto ulikuwa umelowa, na nilikuwa nacheka.

Nimetoka kuangalia. Kuku sikuwafunga.

Kwa hiyo niko huru! Na kwa wakati mzuri. Bwana Morita amepita kuniaga akaniambia mwakani nafasi itakuwa ya mtunza ghala hasa. Mtunza ghala! Nyumba za wageni zitakuwa mbili. Moja Kyoto, nyingine Nara. Miji jirani. Kichwa kimeanza kuzunguka palepale. Kyoto au Nara? Nitamuuliza Maroa wapi kuna ng'ombe. Na wavuvi nitawaahidi mapema safari hii, kila upande peke yake.

Imebaki kumridhisha Dani. Hapo kuna kikwazo kimoja. Phelesia amekuja na gauni la buluu. Kweli kabisa, lenye kola nyeupe, na kola imepigwa pasi! Nikimwambia Dani la buluu tena, nimekwisha. Ataita kata nzima.

Nimefikiri vizuri. Uongo mdogo ndani ya kweli kubwa haudhuru mtu. Nitasema alikuja na lile la kijani lenye vifungo. Lilikuwa gauni zuri, tulilinunua pamoja Migori. Sijui siku hizi liko wapi, na nani atakumbuka?

Naandika haya nikiwa kwenye kichaka cha uzio wa Dani. Wamekaa uani wananingoja, na majirani wote wamekuja. Mama mkwe Teresa ameshafika, nitasimama mbali naye kwa heshima. Afadhali awepo, atakuwa shahidi. Kwa hapa simwoni vizuri, jua linanipiga machoni. Naona tu kwamba amevaa kijani.

Ishara njema. Naingia.