Ndama Asiyetaka Kungoja Jumamosi

Jumatano, 28 Juni
Umande umeganda malishoni. Nimemwahidi mjukuu wangu Ngaio ndama wa Tui, ng'ombe wangu bora, amwongoze kwa kamba siku ya ndama shuleni, watoto wanaposhindanisha ndama wao. Sharti la shule: ndama azaliwe kuanzia Julai mosi. Tui kiwele kimeshajaa. Mke wangu Huia kapapasa shina la mkia, kasema kano zinalegea, hafiki Jumamosi bila kuzaa. Tutaona! Jirani Murdoch, ambaye ndama wake alitwaa utepe wa mshindi mwaka jana, kanishauri nimlishe jioni tu. Ng'ombe aliyeshiba jioni hazai usiku. Kumbe mtu mwema.

Alhamisi, 29 Juni
Jana nilimlisha jioni. Usiku kimya. Mimi fundi! Daktari wa mifugo alipita, nikajisifu. Akacheka: "Mzee Hohepa, mwenye saa ni ndama mwenyewe." Akikomaa, mwili wake unatoa homoni ya kumwarifu mama. Homoni iliyoshikilia mimba inashuka, nyingine zinapanda, zinalainisha mlango wa kizazi na kulegeza nyonga. Nikapapasa mwenyewe shina la mkia. Juma lililopita pagumu kama ukingo wa meza, leo unga uliokandwa. Hakuna aliyeamuru, na kila kitu kimeshika zamu yake. Nilisimama nimeduwaa mpaka chai ikapoa. Nampenda sana ng'ombe huyu. Kisha nikainama ubavuni nikamsihi ndama asubiri.

Ijumaa, 30 Juni
Jana jioni nilimlisha tena. Leo kazaa saa sita mchana. Ijumaa! Huia kanieleza taratibu kwamba asiyezaa usiku huzaa mchana. Ningemwacha, huenda angejivuta hadi usiku wa kuamkia Jumamosi. Murdoch alijua. Lakini ule mlango! Juzi usingepitisha kidole, leo kapita ndama mzima, jike jekundu, bila mkono wa mtu. Nilivua kofia. Ngaio alilia, kisha akampa kidole anyonye. Nikapendekeza tuseme kazaliwa Jumamosi. Akanijibu: "Babu, usinitie aibu."

Jumamosi, 1 Julai
Ng'ombe wa Murdoch kazaa alfajiri. Bila shaka. Amebaki ng'ombe wangu mwingine, Pania, bado majuma mawili azae. Ndama wake akiwahi, Ngaio atapata muda wa kumfunza kutembea na kamba. Murdoch kaniomba radhi uani, kaniambia nimpandishe Pania mlimani kila siku, atazaa upesi. Huia kaguna. Daktari anasema mwenye saa ni ndama. Sawa. Kesho nampandisha mlimani, na njiani nitaongea na ndama.