Kamati ya Chini ya Ulimi

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la gereza la kaunti ya Tolliver, kule milimani Kentucky, kwa herufi nyekundu, tena likavikwa plastiki ili mvua isilete upinzani: GEREZA HILI HALINA MRAIBU HATA MMOJA. KWA AMRI, KAPTENI VERLIN STAMPER.

Na kweli hawakuwapo. Kapteni Stamper, mkuu wa gereza, alikuwa amelimaliza tatizo hilo kisayansi: alilifuta kwenye fomu. Palipokuwa na kisanduku cha "uraibu" sasa paliandikwa "mengineyo". Mfungwa akitapika, alitapika kwa sababu ya mengineyo. Akitetemeka usiku kucha, daftari lilisema ana mafua ya kiutawala, akapewa blanketi la pili na ushauri wa kuvuta subira. Takwimu zikapendeza mno. Kaunti za jirani zikaanza kuuliza siri.

Ndipo akaletwa Lonnie Caudill, fundi wa kuezeka paa, siku thelathini kwa kosa la kuendesha gari huku leseni yake imefungiwa. Lonnie alikuwa na miezi kumi na moja hajagusa heroini, kwa msaada wa kidonge cha buprenofini kila asubuhi, kile kinachoyeyuka chini ya ulimi. Kufika gerezani, kidonge kikakatwa. Siku ya tatu alikuwa anapiga miayo mfululizo, pua inachuruzika, vinyweleo vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa.

"Afande, naomba dawa yangu," alisema. "Nikitoka hapa katika hali hii, nitaitafuta ile nyingine siku hiyohiyo. Na mwili umeshasahau kuhimili kipimo chake cha zamani. Nitakufa, afande, sikutanii."

"Dawa ya nini?"

"Ya uraibu."

"Hujasoma tangazo langoni?"

"Niliingizwa kwa mlango wa nyuma."

Nesi wa gereza, Darlene Combs, akadakia: "Kapteni, huyu mtu anaumwa."

"Anaumwa mengineyo, Darlene. Tusikurupuke."

Darlene hakukurupuka. Alikaa chini kwa utulivu kabisa, akamwandikia hakimu wa kaunti, Opal Whitt, naye akajibu kwamba kesho yake asubuhi atafika mwenyewe kuamua kama dawa itatolewa au la.

Kapteni hakubabaika. Jioni ileile aliunda Kamati ya Chini ya Ulimi, yenye wajumbe watano: yeye mwenyekiti, yeye katibu, yeye mtaalamu mshauri, na wawili waliokuwa likizo. Kufikia asubuhi kamati ilikuwa imekamilisha ripoti ya kurasa arobaini, ikabaini kwamba sehemu iliyo chini ya ulimi wa binadamu ni eneo lisilo na ulinzi, lisilo na taa, na lisilo na mlango wa kufunga.

Kikao kilifanyika kwenye bwalo la chakula, maharage yakichemka nyuma ya ukuta. Hakimu Whitt, mama mfupi wa maneno machache, aliipima ripoti kwa mkono, akairudisha mezani bila kuifungua.

"Niambie kwa kinywa chako, Kapteni. Shida ni nini?"

"Usalama, Mheshimiwa. Mfungwa hawezi kukaa na kidonge mdomoni dakika kumi kwa uaminifu. Atakificha, akauze. Niruhusu nionyeshe hila zao."

Akatoa pipi ya mnanaa mfukoni. Kwanza akanywa funda la maji kulowesha kinywa. Akaiweka pipi chini ya ulimi, upande wa kushoto. Akainamisha kidevu kidogo, akalaza viganja wazi juu ya magoti.

"Sasa hila ni ipi?" akauliza Darlene.

Kapteni akainua kidole: hakuna kuongea. Hata mate hakumeza. Dakika zikapita. Uso wake ukalainika, mabega yakashuka, akawa kama mtu aliye nyumbani kwake. Hakimu akamaliza kahawa. Pipi ilipoyeyuka, Kapteni akafungua mdomo bila kuambiwa, akainua ulimi, akaupeleka kulia, akaupeleka kushoto. Akasukutua kwa maji, akameza.

"Na mswaki ni mpaka saa nzima ipite," akasema. "Vinginevyo meno yanaharibika."

Hakimu akaweka kikombe chini.

"Kapteni," akasema hakimu, "sijaona hila hapo. Nimeona adabu. Hayo ya mswaki umeyatoa wapi?"

"Kwenye mwongozo wa gereza."

"Hayamo," akasema Darlene. "Kurasa za dawa hiyo ulizichana mwenyewe mwaka jana, ukasema zinaongeza uzito wa faili."

Hakimu akamgeukia Lonnie, aliyejikunyata ndani ya mablanketi mawili. "Bwana Caudill, wewe na Kapteni mlikuwa mnajuana kabla ya hapa?"

Wagonjwa wanaotumia dawa hii wana desturi wanayoiheshimu kuliko sheria za barabarani: mtu ukimwona kwenye chumba cha kusubiri, hukumwona, hata awe mchungaji wako, hata awe amekalia kofia yako.

"Hapana, Mheshimiwa," akajibu Lonnie kwa dhati. "Sikumwona."

"Hukumwona wapi?"

"Kliniki ya Pikeford. Sikumwona Jumatano, wala Jumatano iliyofuata. Hakuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Wala hakunipa nusu ya biskuti zake nilipopata kizunguzungu."

"Caudill, nyamaza," Kapteni akanong'ona.

"Nakutetea, afande! Na Mheshimiwa, hakuniambia kwamba ana miaka minne hajagusa vidonge vya maumivu ya mgongo vilivyomteka, na kwamba dawa hii ndiyo iliyomrudishia mke na kazi. Wala hakulia. Kama alilia, mimi sikuwepo."

Hakimu alikuwa ameshaanza kuandika. "Dawa itolewe leo, kabla ya chakula cha mchana. Kwa Caudill, na kwa kila mwenye mengineyo."

Darlene alishainuka kwenda kufungua kabati la dawa. Kapteni, mwekundu mpaka masikioni, alijaribu kizuizi cha mwisho, kwa kuwa cheo ni cheo.

"Mheshimiwa, hatuwezi kuanza bila msimamizi anayeijua dawa hii barabara, ndani na nje. Na mtu wa namna hiyo gerezani hapa hayupo."

"Yupo, afande," akasema Lonnie, akifuta pua kwa ncha ya blanketi. "Ila mimi sijamwona."