Taarifa ya Kusawazisha Jua la Pili na Nzige wa Chuma

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya Mkurugenzi, natangaza kwamba vita vimepatiwa utaratibu. Kuanzia sasa hakuna atakayeteketezwa kwa silaha kuu kabla maombi ya kumteketeza hayajakamilika.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Kusawazisha Silaha Kuu. Kazi yangu ni kuandika kila kinachosemwa na kutosema chochote, na inanifaa, maana nikitazamwa na watu watatu kwa pamoja koo hunikauka.

Vita hivyo ni vya kwenye kompyuta. Vyumba vya chini vya jengo letu vilikuwa na wagombea wawili: masijala, iliyokaa humo miaka ishirini na sita, na Mkurugenzi, aliyechoka kupanda hadi ghorofa ya nne. Lifti tunayo, ila iko kwenye mchakato. Ili kuepusha maneno, Mkurugenzi alielekeza suala liamuliwe kisasa: acheze mchezo wa vita na mkuu wa masijala, na atakayeshindwa aende juu.

Mkuu wa masijala tunamwita Mama Jalada. Magoti yake yote mawili yamegoma. Nilipompelekea barua aliisoma, akaikunja, akaendelea kupanga mafaili.

"Mwanangu," alisema, "mimi wakinipandisha huko asubuhi moja, sishuki mpaka nistaafu."

Nilienda msalani nikalia kidogo, kisha nikarudi kuandaa ajenda.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mmoja ana kambi, anachimba madini, anajenga, na hatimaye anaunda silaha kuu ya kummaliza mwenzake. Jeshi jekundu la Mkurugenzi lina Jua la Pili, linalounguza nusu ya ramani. Jeshi la kijani la Mama Jalada lina Nzige wa Chuma mia nne, wanaotafuna chochote kilichojengwa. Wachezaji wote wawili hutenda kwa wakati mmoja bila kusubiriana zamu, jambo ambalo Mkurugenzi aliliona la kihuni lakini akalivumilia kwa maslahi ya umma.

Jumatatu lilifanyika jaribio. Mkurugenzi alishindwa ndani ya dakika tisa. Kamati ilikaa papo hapo, ikabaini kuwa nzige wamezidi, ikawashusha hadi arobaini. Jumanne alishindwa ndani ya dakika kumi na moja, nami nikaagizwa niandike kuwa kuna maendeleo. Nzige wakabaki saba. Jumatano akashindwa tena.

Fundi wa programu, bwana mmoja mwembamba anayeongea na wakubwa kama yuko kijiweni, aliomba nafasi ya kueleza.

"Bosi, nzige hawana kosa. Jua linataka umeme, na wewe hujajenga mtambo hata mmoja. Umejenga makao makuu matatu."

"Ya kukaa, ya mikutano na ya wageni," alijibu Mkurugenzi, na kamati ikaridhika kwamba jibu linajitosheleza.

Ikaazimiwa kwamba Jua la Pili lisihitaji umeme. Hata hivyo Mkurugenzi hakupata amani. Alizunguka meza mara mbili, akasema kasoro kubwa ya silaha hizi si nguvu, ni kukosa adabu. Haiwezekani mtu abonyeze kitufe na dunia iungue, kama mtu anayepiga chafya. Ikapitishwa kwamba anayetaka kufyatua silaha kuu kwanza ajaze fomu ya maombi hapohapo kwenye skrini: tarehe, sababu, makadirio ya uharibifu na viambatisho. Na kwa kuwa alishagundua kwamba mimi na fundi tunampenda mno Mama Jalada, aliongeza kifungu: mchezaji ajaze mwenyewe, asisaidiwe na yeyote.

Fundi aliuliza kwa upole kama masharti hayo yanahusu pande zote mbili. Mkurugenzi alilitazama jina la kamati ukutani, akasema usawa ni usawa.

Ijumaa saa tisa alasiri tulijazana kwenye ukumbi wa mikutano, mchezo ukionyeshwa ukutani. Mama Jalada alifika akishikilia meza moja baada ya nyingine, akavaa miwani, akakaa. Mimi niliandika tarehe mara nne.

Jua la Pili lilikamilika mapema, kama kamati ilivyokusudia. Mkurugenzi alitabasamu, akabonyeza. Fomu ikatokea.

"Katibu, jaza," alisema bila kunitazama.

Niliandika hilo nalo. Fundi ndiye aliyemkumbusha kifungu chake.

Akaanza mwenyewe, kwa kidole kimoja. Fomu ilirudi: makadirio hayapo. Akaweka makadirio. Ikarudi: sababu ya kufyatua haijitoshelezi. Alikuwa ameandika "kwa maelekezo kutoka juu", na fomu ilitaka kujua juu ni wapi. Ilibainika kwamba katika utumishi wake wote Mkurugenzi hajawahi kujaza fomu. Huletewa zikiwa tayari, akasaini.

Mama Jalada alikuwa ameanza kujaza zake dakika ya kwanza, silaha yenyewe ikiwa bado haina hata msingi. Aliita maombi ya awali. Kila nzige alimfungulia jalada lake na namba yake.

Nzige saba wakaruka. Walianza na makao makuu ya wageni.

"Simamisheni mchezo," alisema Mkurugenzi.

"Hausimami, bosi. Ndivyo ulivyoundwa."

Walipomaliza ya mikutano, Mama Jalada alimhurumia. "Mheshimiwa, ungeandika tu 'tazama kiambatisho A'. Huwa hawakifungui."

Alichelewa kushauri. Jua la Pili lilitafunwa likiwa linasubiri idhini. Watu walipiga makofi, na mimi, ambaye kazi yangu ni kutosema chochote, nilipiga vigelegele. Nimeviingiza kwenye kumbukumbu kama "mengineyo".

Jumatatu iliyofuata Mkurugenzi, akiwa bado ghorofa ya nne, alielekeza kamati isawazishe ngazi. Zina hatua themanini na nne, na kwa maoni yake zimezidi nguvu, thelathini zingetosha. Fundi alisema ngazi hazimo kwenye programu. Ni suala la jengo, na maombi ya jengo hupokelewa masijala, kwa mkono wa mwombaji mwenyewe.

Alishuka. Mama Jalada alimsogezea kiti, akayasoma maombi yake taratibu hadi mwisho, akasema safari hii ameandika vizuri sana, sababu zinajitosheleza kabisa. Kilichobaki ni saini tu, hapa chini.

Mkurugenzi alipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali. Kalamu ya kusainia, ile ya wino wa kijani ambayo kwa waraka wake mwenyewe ndiyo pekee inayokubalika kwa saini ya Mkurugenzi, ilikuwa mezani kwake, ghorofa ya nne.

Mama Jalada akamwambia asiwe na haraka, masijala haifungwi mpaka saa kumi na moja.